Chumba cha Ndani cha Bi. Mwanaheri

Hapo zamani. Itikieni basi, lakini polepole, maana kila mtu akifungua mdomo chumba kinazidi joto. Umeme umekatika tangu asubuhi, hiyo feni juu inatuangalia tu, na nyinyi mmekuja kunibana hapa mkekani mnataka hadithi. Sogeeni. Wewe mwenye kipepeo, pepea na huku kwangu, usijipepee peke yako kama bibi harusi. Haya.

Hapo zamani, na si zamani ya majini na masultani, ni zamani hii ya juzi ambayo mama zenu wanaikumbuka, palikuwa na nyumba Pangani, jirani na kwangu, ukuta kwa ukuta. Hadithi yangu ni ya chumba kimoja chenye baridi na watu watatu waliokitaka. Nikimaliza nitawauliza swali, na mtajibu nyinyi. Mimi nimechoka nalo.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Shomari. Alikuwa na wake wawili chini ya paa moja: Bi. Mwanaheri, mke mkubwa, na Bi. Kidawa, mke mdogo. Msinitolee macho, walielewana kwa namna yao. Bi. Mwanaheri alikuwa na watoto wawili. Wa kiume ni Mwinjuma, muuza vipuri vya baiskeli, akikaa mle ndani na mkewe Hidaya. Wa kike ni Mwanakombo, aliyeolewa Lushoto, huko watu wanakolala na blanketi mwaka mzima.

Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, kuta nene, paa la makuti. Ukiingia mchana ulikuwa unasema alhamdulillahi kabla hujavua viatu. Basi Mwinjuma akaanza. "Baba, mtaa mzima umeezeka bati, sisi tu ndio bado na makuti. Tunaonekana hatuna mbele wala nyuma." Mzee akakataa. Mwinjuma akarudi, mzee akakataa. Mwinjuma akarudi tena, mzee akachoka. Makuti yakashushwa, bati likapanda, likawa linameta mpaka ng'ambo ya mto wanaliona. Mzee Shomari hakuishi kulifaidi. Vuli ya mwaka ule haikunyesha, akaugua kidogo, akafariki. Mungu amrehemu.

Wake wawili wakaingia eda siku moja. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Hakuna kutoka ila kwa dharura, hakuna kuonekana na mwanamume asiye maharimu, yaani anayeweza kukuoa. Na kaskazi ndiyo hiyo inabisha hodi.

Mnalijua joto la bati nyinyi? Hamlijui, mmezaliwa na feni. Saa nne asubuhi bati linaanza kulia, ta, ta, linatanuka. Saa sita limenyamaza, na likinyamaza ndipo ujue limeiva. Kitanda cha moto, mto wa moto, maji ya ndooni ya moto. Unakaa tu, jasho linakutoka mgongoni, huna ulilofanya. Na wafiwa hawana pa kukimbilia, na watu wa pole nao wanakuja. Wanakuja kwa makundi, wanajaza chumba, wanataka chai. Chai, kwenye joto lile. Na mfiwa hawezi kumwambia mtu ondoka.

Bi. Mwanaheri alikuwa mtu mzima tayari, presha anayo, miguu inavimba. Akaanza kuona kizunguzungu. Akaanza kuita marehemu kwa jina, anamwambia afungue dirisha. Nesi wa zahanati akaletwa, akampima, akatoka nje akatuambia pale ukumbini, na mimi nilikuwepo: "Huyu mama mkiendelea kumweka chini ya bati hili, hamalizi eda. Mpelekeni penye baridi."

Mwanakombo akapiga simu kutoka Lushoto. "Mama, njoo huku. Hii ni dharura, dini inaruhusu."

"Joto si dharura," akasema Bi. Mwanaheri. "Joto ni hali ya hewa. Nimekaa na baba yako umri mzima, nishindwe kumkalia siku zake?"

"Mama, utakufa humo."

"Basi nitafia kwake. Kata simu, inanichoma sikio."

Hivyo ndivyo alivyo. Mkimjua hamsumbuki. Hakutoka, na joto halikutoka, ikawa lazima baridi itafutwe humo humo ndani.

Wa kwanza ni Bi. Kidawa. Ile nyumba ina chumba kimoja cha ndani, kidogo, kitanda kimoja na njia ya kupita ubavu, kuta zake ni nene kuliko zote na dirisha lake linatazama kaskazini. Hicho alikuwa akikaa yeye. Asubuhi moja akaja chumba cha mbele, akasimama mlangoni.

"Dada, hamia kwangu."

"Kwako wapi?"

"Chumba cha ndani."

Bi. Mwanaheri akaacha kujipepea. "Kilikuwa changu hicho."

"Najua."

Maana kweli kilikuwa chake. Siku Mzee Shomari alipomwoa Kidawa, alimtoa mke mkubwa chumba cha ndani akampeleka cha mbele, kinachopigwa jua kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, ili bibi harusi akae vizuri. Bi. Mwanaheri alibeba godoro lake mwenyewe, hakusema neno, na miaka yote ile hakusema. Sasa Kidawa akabeba godoro kurudi nalo njia ile ile. Akahamia yeye chumba cha mbele, chini ya bati tupu, naye ana eda vilevile, hana pa kwenda kupunga upepo. Akatokwa na vipele vya joto shingo nzima. Akawa hali chakula. Moyo ukaanza kumwenda mbio hata akiwa amelala.

Wa pili ni Mwinjuma. Chumba cha ndani kilikuwa na nafuu, lakini bati liko juu yake pia. Dawa ikaonekana ni kulifunika kwa makuti, kama walivyofanya wengine. Akaitwa fundi. Fundi akaja na kamba zake na vijana wake, akaegemeza ngazi, na wale wajane wawili wakapiga kelele ndani. Fundi akiwa juu ya paa anaona ua mzima, na uani ndiko wanakooga, ndiko wanakokaa jioni na vitambaa vichwani vimelegea. Mwanamume wa nje awatazame wakiwa na eda? Fundi akashushwa, akaenda zake kaudhika.

Ikabaki aende mtu asiyekuwa wa nje. Nani? Mwinjuma. Kwa mama yake ni mtoto, kwa mke wa baba yake ni maharimu. Tatizo Mwinjuma paa alikuwa akiliona kwa chini tu. Hidaya akamsihi, "Mume wangu, wewe si fundi." Akasema, "Bati nimelileta mimi." Akapanda. Akafunga makuti juu ya chumba cha ndani, akayafunga vizuri kabisa, nilishangaa. Mle ndani joto likapungua papo hapo, Bi. Mwanaheri akaomba uji kwa mara ya kwanza. Alipohamia upande wa pili, boriti ikamkatikia. Akaanguka uani, mguu ukavunjika vibaya, na kidonda juu yake. Wakamrudisha na plasta mpaka pajani, wakamlaza ukumbini, chini ya bati lisilofunikwa. Mguu unawasha humo ndani ya plasta, jasho linaingia, hawezi kujikuna. Mtu mzima nilimsikia analia kwa sababu ya kuwashwa.

Ndiyo, nakusikia. Si waite fundi eda ikiisha? Ameitwa. Amesema boriti za upande ule zimeoza, hapandi mtu mpaka zibadilishwe, na za kubadilisha zinatoka mbali. Zikifika, masika yatakuwa yamefika. Umeridhika? Pepea.

Wa tatu ni Hidaya. Huyu hana siku moja ya kusimulia, na hilo ndilo linaloniuma. Mwenzake alihama siku moja, mwenzake alianguka siku moja. Hidaya yeye ni kila siku. Anaamka jua halijatoka, anafunga madirisha yote na milango ili baridi ya usiku isitoroke. Anatundika khanga mbichi dirishani. Zikikauka anazilowesha, zikikauka anazilowesha. Anamwaga maji sakafuni, anayasambaza kwa mikono. Jiko kalitoa ndani, anapikia nje nyuma ya choo, juani, ili moto usiongeze moto. Anamfuta mama mkwe kwapa na nyayo, anampa maji ya ukwaju kijiko kwa kijiko. Magharibi anafungua kila kitu, upepo uingie. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka, maji anayafuata kisimani nyuma ya msikiti, ndoo kichwani. Na tumbo lake hilo, ana mimba, kubwa tayari. Akitoka hapo awapikie chai watu wa pole.

Adhuhuri moja alikaa kwenye mkeka kusubiri khanga zikauke, akalala amekaa. Watu wa pole walipoondoka walikuwa wameacha dirisha wazi, na yeye hakuliona. Upepo wa mchana, ule wa moto, ukaingia moja kwa moja. Aliyemkuta Bi. Mwanaheri macho yamegeuka ni Bi. Kidawa, aliyejikokota kutoka chumba cha mbele kuja kuomba maji. Akamvuta mpaka sakafuni, akammwagia ndoo nzima, akampigia kelele mpaka akazinduka. Kisha akaanguka yeye mwenyewe pembeni. Niliingia nikawakuta wajane wawili wamelala kwenye dimbwi, na Hidaya amesimama mlangoni kashika kichwa.

Lakini eda ikaisha. Bi. Mwanaheri akaimaliza yu hai. Akaoga, akavaa nguo safi, akasali. Mwanakombo akaja na gari kumchukua Lushoto apumzike mpaka mvua zinyeshe. Na jua lilikuwa bado ni lile lile, masika hata harufu yake hakuna.

Sasa ndipo hadithi inapoanza, na mimi nguvu zimeniishia. Nipeni hayo maji.

Bi. Mwanaheri alisimama ukumbini, baibui tayari, ufunguo wa chumba cha ndani mkononi. Akasema, "Ninaondoka. Chumba nimwachie nani?"

Mwinjuma akajiinua kwa viwiko pale alipolazwa. "Mama, mimi. Baridi iliyomo humo ni makuti yangu. Ningekuwa sijapanda, hata hicho chumba kingekuwa tanuri kama vingine, na wewe usingekuwa umesimama. Nimevunjika mguu kwa ajili yako. Daktari amesema jasho likiendelea kuingia humu, kidonda kitaoza na mguu utakatwa."

"Na bati lililetwa na nani?" akauliza Bi. Kidawa kutoka kitini. Hakuinua sauti, hakuwa na pumzi ya kuinua. "Ulimchosha baba yako mpaka akakubali. Umetutia motoni, halafu umetufunika robo. Dada, mimi nilikutolea kitanda changu kabla hajapanda mtu paani. Nimelala pale kwenye jua ili wewe usilale. Na siku macho yako yalipogeuka, ni mimi niliyekuvuta. Nesi amenisikiliza moyo, ameniambia nisilale tena chini ya bati, wala siku moja. Kaka yangu yuko Muheza, amesema nyumba imejaa. Niende wapi?"

"Mama mdogo," akasema Mwinjuma, "usiseme ulitoa. Ulirudisha. Chumba kilikuwa cha mama, ulikaa humo miaka yote hiyo yeye akiungua kule mbele."

"Mimi nilikuwa bibi harusi. Nilionyeshwa mlango, nikaingia. Sikuuliza nani katolewa."

"Ungeuliza."

Bi. Kidawa alitazama sakafu, na mimi nilimhurumia, ingawa na mimi siku ile ya harusi niliona godoro la Bi. Mwanaheri linapita na nilikasirika.

Bi. Mwanaheri akamgeukia mkwewe. "Na wewe Hidaya, husemi?"

"Mimi nitasema nini, mama."

"Sema."

Hidaya alikuwa ameegemea ukuta, mkono kiunoni, miguu imevimba kuliko ya mgonjwa. "Mguu wa mume wangu nauona. Hali ya mama mdogo naiona. Lakini wiki ijayo au nyingine nitajifungua, na mzazi hatoki siku arobaini, mnajua wenyewe. Nitafungiwa ndani na kichanga. Chumba tunacholala sisi mayai yanaweza kuiva mezani. Nyote mnasema makuti, mnasema kitanda. Makuti bila maji ni nini? Khanga zile nani alikuwa anazilowesha? Nimebeba ndoo mpaka mtoto akawa anageuka tumboni kwa uchovu. Mimi sijiombei, namwombea huyu."

"Na dirisha?" akasema Mwinjuma. Ndiyo, mumewe mwenyewe. Joto linafanya watu hivyo. "Mama karibu afe mikononi mwako."

"Nililala," akasema Hidaya. "Sikatai. Nililala nimekaa."

Bati juu lilikuwa limeshanyamaza.

Mnataka kuniambia wakae wote humo. Nimeshawaambia, kitanda kimoja na njia ya kupita ubavu. Watie wawili, pumzi zao tu zitamaliza baridi yote. Katika chumba cha mzazi mwanamume hawezi kulala, wanawake wanaingia na kutoka kumkanda, kwa hiyo Mwinjuma na mkewe haiwezekani. Mwinjuma na mke wa baba yake chumba kimoja, haiwezekani. Mjane mgonjwa wa moyo na kichanga kinacholia usiku kucha, nesi alisema huyo mjane hafiki mwezi. Ni mmoja. Na wapokezane? Mguu unaooza haungoji zamu, wala mtoto hangoji.

Mwanakombo akasema wapande wote gari waende Lushoto. Gari lile la kuazima lilikuwa dogo, na daktari alikuwa amekataa Mwinjuma asafirishwe barabara ile kabla mfupa haujashika. Kidawa akasema hawezi kwenda kukaa kwa mtoto wa mke mwenziwe, kuna mwisho wa kubebwa. Hidaya naye, mkunga alimwambia akipanda gari lile atajifungulia njiani. Msiniangalie mimi, hayo ni maneno yao.

Bi. Mwanaheri akawatazama mmoja mmoja. Nilimfahamu mwanamke yule tangu tukiwa wasichana, sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya maiti. Siku ile alilia.

"Mnalaumiana bure," akasema. "Aliyewaunguza ni mimi. Ningekwenda Lushoto siku ile nilipoambiwa, Kidawa asingehama, Mwinjuma asingepanda, Hidaya asingebeba maji. Niliona nikitoka nitakuwa nimemwacha marehemu. Nimemkalia siku zake zote, nimemaliza, na tazameni nimemalizaje. Mmenitoa mzima nyinyi watatu, mkabaki wagonjwa nyinyi. Sasa mwataka niseme yupi kati yenu aendelee kuungua. Siwezi. Mdomo haufunguki."

Dereva akapiga honi. Mwanakombo akamshika mkono. Wakatembea mpaka mlango wa nje, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi, jirani, nimekuja kumuaga tu, sina langu. Bi. Mwanaheri akanitazama usoni. Akanishika mkono, akanitia ufunguo kiganjani, akanikunja vidole.

"Wewe si wa nyumba hii," akasema. "Huna mtoto humo, huna mke mwenza, huna mkwe. Mfungulie anayestahili." Akapanda gari, akaondoka.

Nikageuka. Mwinjuma amejiinua kwa viwiko. Kidawa kitini, mkono kifuani. Hidaya ukutani, mkono tumboni. Wananitazama wote watatu. Jua liko utosini na ufunguo umeanza kuwa wa moto mkononi mwangu.

Haya, niambieni nyinyi mliokaa hapa mnajipepea: aliyetoa chumba ambacho hakikuwa chake, aliyefunika paa aliloliharibu mwenyewe, na aliyemwaga maji kila siku akalala mara moja. Je, mlango ule ningemfungulia nani?